Taka za mtaa zarudi pale pale, majirani mwafanyaje huko kwenu?

BintiMajengo
Assalam aleikum jamani. Naomba ushauri maana nimechoka na sitaki kugombana na watu nilozaliwa nikawakuta. Mtaa wetu uko Majengo hapa Mombasa, ndani ndani, kijia chembamba hata tuktuk ikiingia yatoka kinyumenyume. Jumapili ya juzi tulitoka wote wakubwa kwa watoto tukafagia mpaka pale pembeni chini ya mlingoti wa stima, jaa la miaka na miaka, vijana wakazibua mtaro wakatoa pampasi, maganda ya madafu, chupa, hata kiatu kimoja cha skuli kimejaa matope. Maji yakapita jamani, bi mkubwa mmoja akakaa barazani kuyasikiliza akasema hajayasikia tangu aolewe hapa. Basi Jumanne alfajiri nimetoka kununua mahamri naona mifuko mitatu pale pale chini ya mlingoti, imefungwa vizuri, paka washatoboa mmoja na matumbo ya samaki yako njiani. Nililia wallahi. Tukichangisha pesa ya mkokoteni wapangaji wasema ni kazi ya mwenye nyumba, wenye nyumba wasema taka ni za wapangaji. Na masika maji yaingia mpaka ukumbini kwetu, bibi yangu miguu yamuuma hawezi kuinuka haraka. Nyinyi mwafanyaje?

KijanaKibokoni
Waaleikum salaam, pole dada. Mtu alofunga mfuko vizuri ataka usafi, ila hajui aupeleke wapi. Sisi pia tulikuwa twafagia na zarudi, mpaka tulipopatana na kijana wa mkokoteni aje Jumatatu na Alhamisi saa kumi na mbili unusu asubuhi, apita agonga debe, ukilisikia watoka na mfuko wako mkononi wampa yeye, hakuna kuweka chini. Shilingi 150 kwa nyumba kwa mwezi, na mwenye nyumba aichukua pamoja na kodi ili asiwepo mtu wa kubisha milango kudai. Wiki 3 za mwanzo tulikaa zamu pale pembeni baada ya isha, hatukutukana mtu, akija na mfuko twamwambia mwenzetu rudi nao, debe ni kesho kutwa.

MamaTudor
Haya ni kweli lakini muulizeni huyo kijana azipeleka wapi!! Sisi tulilipa miezi minne kumbe amwaga nyuma ya ukuta mtaa wa pili, wenzetu wakaja juu na walikuwa na haki. Kibarani si jaa tena, lori zaenda Mwakirunge huko bara na mkokoteni haufiki, kwa hivyo lazima afikishe pale lori la kaunti lachukulia. Mimi niliandamana naye kwa miguu mpaka nikaona kwa macho yangu. Jambo jengine tenganisheni, na sheria ya taka ya 2022 yataka hivyo, zinazooza mbali na zisizooza mbali. Kwetu jirani mwenye mbuzi achukua maganda kila jioni, chupa za plastiki vijana wanunua kwa kilo, na matumbo ya samaki twafukia uani. Mfuko ulobaki wawa mdogo haunuki, paka aupita tu.

AfyaLikoni
Mimi najitolea afya ya jamii nataka niongeze moja maana watu wadhani mbu ni wa mtaroni peke yake. Yule mbu wa homa za dengi na chikungunya ataka maji masafi, na auma mchana. Kifuu kimoja kimeingia mvua, tairi, au pipa la maji ndani kwako maana mfereji hautoki kila siku sote twaweka akiba, kama wiki moja hivi yatosha mbu kuwa mbu kamili. Mayai yanata ukingoni juu ya maji, yakikauka hayafi, yangoja miezi, ndiyo maana kumwaga hakutoshi lazima usugue pipa kwa brashi kisha ufunike. Ile chikungunya ya mwisho wa 2017 kuingia 2018 nimeona watu wazima washuka ngazi kwa kukaa kwa maumivu ya viungo, jina lenyewe la Kimakonde lasema kujikunja.

MpangajiChaani
Niseme ukweli, mimi nilikuwa mmoja wa wale wa mifuko ya usiku. Nafanya shifti ya usiku bandarini, debe likigongwa mimi bado niko kwenye matatu, chumba kimoja na watoto wawili mfuko nitauweka wapi siku tatu na joto hili? Hakuna alonijia kuniuliza, niliona tu bango limeandikwa kwa wino mwekundu, likaniuma. Mwisho dada wa chumba cha pili akasema nimwachie mfuko mlangoni yeye atautoa, mimi Jumamosi nazibua mtaro wake na wangu. Tangu hapo sijatupa hata mara moja.

BintiMajengo
Ahsanteni sana. Ndugu wa Chaani umenigusa, kwetu kuna mlinzi wa usiku amepanga chumba cha uani na sijawahi kumuuliza lolote, nitamgongea leo magharibi kabla hajatoka. Mwenye nyumba naenda kwake Ijumaa kuhusu ile pesa kuingia kwenye kodi. Na pipa la bibi nishalimwaga, ukingoni kulikuwa na vitone vyeusi vyeusi siku zote nikidhani ni kutu.