Naomba ushauri: kumtetea Imam Ghazali kwenye suala la pamba na moto

Wakubwa shikamooni, wengine salamu.

Naandaa utetezi wa Imam Ghazali (alifariki 1111) dhidi ya dai kwamba ndiye aliyeua sayansi katika Uislamu. Sehemu kubwa ya dai hilo haisimami: kwenye Tahafut al-Falasifa, kitabu chake cha kuwapinga wanafalsafa, anajadili masuala 20 na kuwakufurisha wanafalsafa kwa matatu tu, tena utangulizi wake unaonya kuwa anayepinga hesabu za kupatwa kwa jua kwa jina la dini anaidhuru dini yenyewe. Mantiki ndiyo kabisa, aliiweka mwanzoni mwa al-Mustasfa, kitabu chake cha misingi ya sheria.

Nakwama suala la 17 la Tahafut, linalohusu sababu na matokeo. Nimejibu kwamba Ghazali anakanusha ulazima wa moto kuunguza pamba, hakanushi mazoea tunayoyaona kila siku. Mkosoaji anarudi na Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu aliyeijibu Tahafut: ukiondoa sababu, umeondoa na elimu. Hapo jibu langu linalegea.

Je, niegemee jibu la pili la Ghazali ndani ya suala hilohilo, linalokubali kuwa moto una tabia ya kuunguza, au litaonekana kama kurudi nyuma? Na nimjibuje Ibn Rushd bila kumdogosha? Hoja yake ni nzito, tusidanganyane.