Naomba ushauri: kishikwambi kinasema nimonia, mimi naona mafua tu

Habari za kazi, wakuu. Niko zahanati moja wilayani Pangani. Watoto chini ya miaka mitano tunawapima kwa kufuata programu ya kishikwambi: unajaza umri, dalili na kipimo cha malaria, inapendekeza ugonjwa na dawa. Kwa malaria sina neno.

Shida ni upumuaji. Mtoto wa miaka miwili mwenye kikohozi akifikisha pumzi 40 kwa dakika, inaandika nimonia, apewe amoksilini. Lakini wengi nawahesabu wakilia au wakiwa na homa kali, mambo ambayo yenyewe huongeza kasi ya pumzi. Nimejaribu kusubiri watulie, ila mmoja akianza kulia chumba kizima kinaitikia, na foleni ndiyo hiyo.

Je, mnahesabu upya baada ya kushusha homa? Na mkipingana na programu, sababu mnaiandika wapi?