Kompyuta mpya, kadi mpya, na gemu bado inakwama. Nimekosea wapi?

mchuma_karafuu

Asalaam alaykum jamani. Mie mtu wa Mtambwe, Pemba, naomba msaada kabla sijaibeba hii kompyuta nikaitia baharini.

Msimu uliopita nimepanda mikarafuu mpaka magoti yakachubuka. Nikaanika, nikauza ZSTC (shirika la serikali linalonunua karafuu), na badala ya kununua bati kama alivyotaka mama, pesa nikaituma Kariakoo. Prosesa Ryzen 5 5600G, kadi ya grafiki RX 6600 ya 8GB, RAM ya DDR4 vipande viwili vya 8GB, SSD, pawasaplai ya 550W. Vitu vimepanda boti Dar mpaka Unguja, Unguja mpaka Mkoani, vimeviringishwa kwenye kanga za mama (hili hajalijua bado). Kadi ilichelewa wiki nzima, ikaja na boti nyengine. Nimeunga mwenyewe kwa kutizama video. Skrubu moja imebaki, sijui ya wapi.

Imewaka mara ya kwanza, nikapiga takbiri. Kisha nikafungua GTA V, michoro ya juu, 1080p: FPS (fremu, yaani picha, kwa sekunde) 31. Kwenye foleni ya magari inashuka mpaka 24. Gari inakwenda kama punda aliyebebeshwa mchanga. Na linaloniuma zaidi, kabla kadi haijafika nilikuwa napata hiyo hiyo 31! Jirani ana leptopu kuukuu, anapata 45, na kila baada ya isha ananicheka barzani.

Nimeshaweka draiva mpya mara mbili. Nimeshusha michoro, ikafika 50, lakini watu wamekuwa kama wamechorwa kwa mkaa. Nimefungua ubavu wa keesi nikaielekezea feni ya chumbani. Joto la prosesa 68, la kadi 41. Feni za kadi hata hazizunguki, kimya kabisa, nikadhani ndio uzuri wa kadi mpya. Windows inasema RAM ni 16GB, inayotumika 13.9. Tatizo nini?

babu_wa_wesha

Umeme huo, mwanangu. Toka 2010 tunakula umeme wa Tanga unaopita chini ya bahari, lakini jioni kila mtu kawasha friji na pasi, umeme unapwa. Kompyuta haishibi, itakimbiaje? Nunua stabilaiza kwanza.

fundi_chake

Babu, shkamoo. Stabilaiza anunue, itamfaa kwa siku zake, lakini FPS haishuki kwa sababu hiyo. Pawasaplai ikipata umeme mdogo ama inaubeba, ama kompyuta inazima au kujiwasha upya. Haimpi mtu fremu nusu. Nadhani watu maneno hayo wameyatoa kwenye leptopu, maana ile ukichomoa chaji kweli inajipunguzia nguvu ili betri isimalizike.

Sasa wewe mchuma karafuu, soma tena ulichoandika. Kadi ina joto 41 na feni hazizunguki huku gemu inachezwa. Ndani ya chumba cha Pemba! Kadi hiyo imelala, haifanyi kazi yoyote. Na RAM yako imepungua 2GB, kuna aliyezichukua. G ya mwisho kwenye 5600G maana yake prosesa ina michoro yake ya ndani, na hiyo haina kumbukumbu yake, inakopa kwenye RAM. Nambie kweli: ile wiki ya kusubiri kadi uliingia BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla Windows haijawaka) ukaikatia michoro ya ndani 2GB, sivyo?

Nenda nyuma ya kompyuta. Waya wa HDMI umechomekwa wapi? Ukiwa juu, karibu na matundu ya USB, hapo ni mazabodi, ubao mkuu unaobeba vyote. Uchomoe, uuchomeke chini kwenye kadi yenyewe. Ungelinunua 5600 isiyo na G, skrini ingebaki nyeusi na kosa lako ungelijua siku hiyo hiyo.

mchuma_karafuu

Dada, wallahi nimeona haya. Waya uko pale pale nilipouchomeka wiki ya kwanza. Na BIOS ni kweli, video ilisema niweke 2GB.

Nimeuhamisha. FPS 88! Feni za kadi zimeanza kuvuma, nikashtuka nikataka kuzima. Lakini nikizunguka mjini kwa kasi picha inajikwaa, kama mtu mwenye kwikwi.

fundi_chake

Usizime, hiyo ndiyo sauti ya kazi. Kwikwi tuitafute kwenye RAM. Inaonesha kasi gani? Na mazabodi ikiwa na matundu manne, vipande umevipachika wapi?

mchuma_karafuu

Inaandika 2133, na boksi linasema 3200. Vipande viko tundu la kwanza na la pili, nimevibananisha vikae pamoja.

fundi_chake

Ndugu hao usiwabananishe. Kuhesabu kutoka kwenye prosesa, weka la pili na la nne, ndipo kila kipande kinapata njia yake. Hivi sasa vyote viwili vinapita mlango mmoja, na prosesa inasubiri. Zima kabisa na chomoa umeme kabla hujagusa. Ukiwasha, bonyeza Delete, ingia BIOS, tafuta XMP (baadhi ya mazabodi huiita DOCP), iwashe. Bila hivyo RAM inakwenda mwendo wake wa uangalifu, 3200 ya boksi inabaki kwenye boksi. Ile 2GB nayo irudishe kwenye Auto.

Monita yako ni ya Hz ngapi, yaani inabadili picha mara ngapi kwa sekunde?

mchuma_karafuu

60.

Nimefanya yote. FPS 114, kwikwi imekata. Jirani nimemwita aje aone, anasema kichwa kinamuuma.

fundi_chake

Basi weka ukomo wa 60 ndani ya gemu. Monita ya 60 haikuoneshi 114, unaichosha kadi bure na chumba kinazidi joto.

babu_wa_wesha

Haya, mie nimeshindwa. Na ile skrubu?

fundi_chake

Kadi umeifunga kwenye keesi, au inaning'inia kwenye tundu lake tu?

mchuma_karafuu

...Inaning'inia.

Ngoja nikaifunge. Mama yuko mlangoni, anauliza kanga zake.