Kumkata mbwa sauti ili majirani walale, ni sawa?

Mwana Isyesye: Wakuu, jirani yangu hapa Mbeya ana mbwa wawili, wakianza saa nne usiku ni mpaka alfajiri. Tumeshampeleka kwa balozi, wapi. Sasa shemeji yake wa Marekani kamwambia kule mbwa anapasuliwa koo, nyuzi za sauti zinapunguzwa, akibweka inatoka sauti ya kukwaruza tu. Anatafuta daktari. Mimi naunga mkono, mwanangu yuko fomu foo hasomi.

Mama Parachichi: Mbwa asiyebweka wa nini sasa? Huku Tukuyu wezi wa parachichi wanaingia shambani usiku na viroba, wanachuma hata changa, asubuhi unakuta matawi yamevunjwa. Mbwa ndo anayetuamsha.

Mtu wa Mifugo: Operesheni ipo kweli. Anapigwa nusu kaputi, unapitia mdomoni au unafungua koo kwa mbele, unakata kipande cha zile nyuzi. Shida ni kovu, likiota vibaya linabana njia ya hewa, mbwa akikimbia kidogo anahema kama anakabwa. Na wengine sauti inarudi. Ulaya wana mkataba wa 1987 unaokataza, kifungu kimoja na kukata mkia na masikio, na jimbo la Massachusetts kule Marekani walipiga marufuku 2010 labda iwe ni tiba. Halafu hamna aliyeuliza hao mbwa wanabwekea nini.

Baba Geti: Wanaolalamika mbwa wengi ni wapangaji. Mwenye kiwanja chake hasumbuliwi. Ukishindwa hama.

Kijana wa Soweto: Wewe Baba Geti koma kabisa. Tunalipa kodi ya miezi sita mkononi, maji ya kugombania, halafu hata usingizi tusidai?

Dada wa Kihesa: Hata huku Iringa wenye nyumba wako hivyohivyo, wa kwangu alikataa nisifuge hata kuku ila yeye ana mbwa watatu mlangoni kwangu, mgeni akija namsindikiza na fimbo.

Baba Geti: Nimejenga kwa jasho langu, sipangiwi na mtu.

Kijana wa Soweto: Jasho lako halikupi ruhusa ya kukesheza watu wazima.

Mwana Isyesye: Jamani mimi sio mpangaji, nina nyumba yangu, na bado silali! Leo nimechungulia kwa jirani, mbwa wamefungwa mnyororo mfupi kwenye mparachichi, hata kujigeuza shida, mmoja shingo imenyonyoka manyoya, sufuria ya maji imepinduka. Inauma kuona. Mtu wa Mifugo, wakifunguliwa watanyamaza?

Mtu wa Mifugo: Kunyamaza hapana kaka, watapunguza sana. Mbwa aliyefungwa kutwa nzima peke yake anabwekea kila kinachopita. Awafungulie wazunguke uani, wale jioni, mchana watembezwe. Ila geti liwe zima na wachanjwe kichaa kwanza, maana wakitoka hapo ni watoto wa shule watakaong'atwa.

Baba Geti: Geti anunue nani, balozi?

Mama Parachichi: Mwenye mbwa, baba. Nani mwingine?