Mbwa analia nikitoka, mwenye nyumba kanipa mpaka mwisho wa mwezi

Mpangaji_Kimara
Wakuu habari za leo, naombeni msaada kabla sijatolewa vyombo nje. Nina mbwa anaitwa Popi, dume, chotara tu wa kawaida, ana miaka mitatu. Miezi nane sikuwa na kazi nikawa nashinda nae ndani, nikienda dukani tuko wote, nikienda chooni ananisubiri mlangoni. Sasa nimepata kazi Posta, natoka saa 11 alfajiri niwahi mwendokasi narudi saa 1 usiku na ndo balaa lilipoanza. Jirani anasema sijafika hata barabarani mbwa kashaanza, wala habweki, analia kile kilio cha kuvuta kama king'ora. Nikirudi mlango umekwaruzwa mpaka mbao nyeupe inaonekana, juzi nikakuta damu kwenye kizingiti kumbe kang'oa ukucha, kakojoa ndani, na ugali na dagaa niliomwachia hajaugusa. Nimeshamchapa mara mbili, na anajua kabisa kakosea maana nikifungua tu anainamisha kichwa na mkia kaubana. Mama mwenye nyumba kasema aondoke mbwa au tuondoke wote.

Kijana wa geti
Unamdekeza huyo. Mbwa kulala ndani wapi na wapi? Mfungie bandani mchana, usiku mfungulie alinde, mbona wetu huku Tabata hawana hizo stresi.

Mama Jeki
Hilo banda unalolisema ndo lilimponza Jeki wangu, alitafuna nondo mpaka jino la mbele likavunjika. Mbwa anayeogopa kuachwa ukimfungia ndo unamzidishia. Afu mtoa mada usidanganywe uongeze mbwa wa pili, mimi niliongeza, kilio kikawa kile kile ila sasa kina msikilizaji. Anayemtaka ni wewe, siyo mbwa mwenzie.

Dokta wa mbuzi
Mkuu fimbo weka chini kwanza. Kile kichwa kuinama siyo kujua kosa, anasoma sura yako. Alexandra Horowitz, mtafiti wa Marekani, alilipima hili akatoa majibu 2009: mbwa alijikunyata zaidi pale mwenyewe alipomgombeza, hata yule ambaye hakugusa chakula alichokatazwa. Kwa hiyo ukimchapa saa 1 usiku kwa mlango alioukwaruza alfajiri, anachojifunza ni kwamba kurudi kwako nako kunatisha.

Pili, acha simu ya zamani inarekodi. Mbwa aliyeboeka kwa kawaida anatafuna ndala, analala, anaamka anatafuna tena. Mwenye hofu mara nyingi anaanza dakika za mwanzo tu, anahema, mate yanamtoka, anang'ang'ania mlango uliotokea, na chakula hakipiti hata ungemwachia nyama.

Kama ni hofu, mazoezi ni ya kuchosha aisee. Shika funguo, kaa chini, angalia simu yako, zirudishe. Vaa viatu ukae navyo tu ndani. Akishazoea hayo toka nje sekunde tano urudi kabla hajaanza kulia, kesho kumi, ukiona anahema umevuka mpaka, rudi nyuma. Na kipindi hicho chote asiachwe peke yake zaidi ya anapoweza, hapo ndo wengi tunafeli, unamfundisha jioni dakika mbili afu asubuhi unamwachia masaa kumi na nne.

Ikizidi nenda kwa daktari wa mifugo, zipo dawa kama fluoksetini na klomipramini, ila zinachukua wiki kadhaa kufanya kazi na mazoezi yanaendelea pale pale. Usije ukampa vidonge vya usingizi vya binadamu kisa mwenye nyumba kakasirika.

Kijana wa geti
Sekunde tano?? Mbwa huyu ana maisha kunizidi.

Mpangaji_Kimara
Wakuu nimerudi. Nimerekodi, bora nisingeona. Sijatoka, nimeshika tu funguo, tayari anatetemeka. Nimefunga mlango, dakika ya pili kashaanza kukwaruza na ule mguu wenye kidonda, anasimama, anasikiliza, anarudia. Na mimi huyu nilimchapa.

Kuna bibi nyumba ya tatu yuko peke yake mchana, kakubali kushinda nae kwa elfu mbili kwa siku, anasema bora huyo kuliko redio. Funguo tumefika siku ya tatu, leo nimezishika hajaamka. Mwenye nyumba nimemuonesha ile video, kaongeza wiki mbili, ila mlango kasema nanunua mimi.