Kitambulisho cha kila bildi: namba ya Jenkins, heshi ya Git, tarehe au UUID?

FundiMsimbo
Wakuu, habari za jioni. Nimepewa hadi Ijumaa niamue jambo moja kazini. Toleo la programu yetu tumekuwa tukiliandika kwa mkono, na wiki iliyopita yametoka mawili tofauti, yote yanaitwa 1.4.2. Mteja analalamika na hatujui ana lipi. Sasa bildi (kazi ya kugeuza msimbo kuwa programu kamili) zitajiendesha zenyewe, kila moja ijipe kitambulisho kisichojirudia. Nachagua kati ya namba ya bildi, heshi ya komiti (alama ndefu ambayo Git huipa kila badiliko la msimbo linalohifadhiwa), tarehe na saa, au UUID (kitambulisho kirefu kinachozalishwa na mashine ili kisijirudie). Mnatumia ipi?

Kisiki_cha_Mpingo
Mkuu, mbona umeficha mambo yenyewe? Bildi inafanyika wapi, mashine ngapi kwa pamoja, na kinachotoka ni nini: imeji ya Docker (kifurushi cha programu kwa seva), APK (kifurushi cha programu ya Android), au faili la kawaida? Kila kimoja kina masharti yake.

BintiPangani
Heshi ya Git. Ukiiona kwenye logi unajua papo hapo ni msimbo upi uliozaa tatizo. UUID haikuambii chochote.

Seva_ya_Usiku
Dada, heshi inatambulisha msimbo, haitambulishi bildi. Jenga komiti ileile leo na wiki ijayo, maktaba za nje zikiwa zimebadilika, utapata vitu viwili vyenye jina moja. Mimi natumia UUID toleo la 7, lile la waraka wa kiwango RFC 9562 wa Mei 2024. Biti zake 48 za mwanzo ni milisekunde, kwa hiyo zinajipanga kwa muda, na mashine kumi zinazalisha bila kuulizana.

BintiPangani
Basi zifunge hizo maktaba kwenye matoleo maalumu! Komiti moja itoe kitu kilekile kila mara. Ukiichomeka UUID ndani ya programu, bildi mbili za msimbo uleule hazitalingana baiti kwa baiti, na huna tena njia ya kuhakiki kwamba hakuna aliyechezea mtambo.

Kisiki_cha_Mpingo
Heshi sawa, lakini msiikate bila kufikiri. Sisi tulikuwa tunachukua herufi 7 za mwanzo kuwa tagi (lebo ya toleo) ya imeji. Miezi ikapita salama. Usiku mmoja tunapeleka marekebisho ya malipo, seva zote zinakataa kuvuta imeji. Nikakagua rejista (ghala la imeji), imeji ipo. Nikakagua nywila, ziko sawa. Nikajenga upya komiti ileile, hali ni ileile. Karibu saa tisa usiku ndipo nikasoma ujumbe wa kosa herufi kwa herufi: inatafutwa tagi 7.123e+48. Komiti yetu ilikuwa 7123e45. Faili la mipangilio la YAML halikuwa na alama za nukuu, kwa hiyo ikasomwa kama namba ya kisayansi, yaani 7123 ikifuatiwa na sifuri 45, na Docker hairuhusu hata alama ya kujumlisha kwenye tagi. Nikapiga hesabu baadaye: kwa herufi 7, karibu komiti 2 katika kila 100 zina umbo hilo. Weka nukuu, na utangulize herufi kama g mbele ya heshi. Wateja walikaa saa nne bila huduma, sitasahau.

FundiMsimbo
Pole sana mkuu. Samahani kwa kuchelewa: ni Jenkins moja (programu inayoendesha bildi) kwenye seva ya ofisini, inatoa imeji ya Docker na APK ya kupandisha Google Play. Nilikuwa naelekea kwenye tarehe, mfano 202506141530.

MzeeWaPaipu
Kwa APK hiyo haipiti, kijana wangu. versionCode, namba ya toleo ndani ya APK, ni namba nzima na Play inaishia 2100000000. Hata ukifupisha mwaka kuwa tarakimu mbili, 2506141530 imeshavuka. Exchange, mfumo wa barua pepe wa Microsoft, ilikwama tarehe 1 Januari 2022 kwa sababu ya mtindo huohuo: 2201010001 haikuenea kwenye namba ya biti 32. Tumia BUILD_NUMBER (namba ambayo Jenkins huipa kila bildi) kwa APK, heshi kwa imeji.

Seva_ya_Usiku
Na tarehe ina tatizo la saa. Seva nyingi ziko UTC, saa tatu nyuma yetu. Ukijenga saa nane usiku hapa kwetu, kule bado ni saa tano usiku, bildi inabeba tarehe ya jana.

BintiPangani
BUILD_NUMBER inaanza 1 upya ukiifuta kazi (job) ndani ya Jenkins na kuiunda tena. Play haipokei namba iliyorudi nyuma.

Mama_Logi
Mnawasahau wanaopokea simu. Nakaa dawati la wateja. Mtu yuko Tunduma, mtandao unakatika, anisomee UUID ya herufi 36? B na D kwenye simu ni kitu kimoja. Nawaombeni, kwenye skrini iwekwe namba fupi ya tarakimu tupu.

Seva_ya_Usiku
Dada, ULID je, ile ndugu ya UUID iliyo fupi zaidi? Alfabeti yake imeondoa I, L, O na U.

Mama_Logi
Ni herufi ngapi?

Seva_ya_Usiku
26.

Mama_Logi
Hapana, kaka yangu.

FundiMsimbo
Shikamoo mzee. Jenkins yetu inahamia seva mpya mwezi ujao. Nitaizuiaje namba isirudi 1?

MzeeWaPaipu
Marahaba. Ndani ya folda ya jobs, kila kazi ina faili linaloitwa nextBuildNumber. Zima Jenkins kwanza, halafu lihamishe pamoja na folda nzima ya kazi.