Wakuu, yule jamaa kaimba Malaika huku anajipepea na hela!

Jana usiku niko sebuleni na mama, rimoti nimemwachia. Akatokea yule. Mnamjua, yule wa miwani ya jua saa nne usiku ndani ya ukumbi. Akasema anaimba Malaika. Mama akaweka kikombe chini, akajitanda kanga vizuri kama anaingia kwenye swala.

Wakuu, Malaika ni wimbo wa mtu aliyefulia! Kapenda binti, mahari hana, basi. Fadhili William na Jambo Boys waliurekodi 1960, ukisikia ile sauti unajua kabisa huyu nauli yenyewe kakopa. Sasa huyu wetu kafika penye pesa, KATOA BUNDA LA NOTI AKAANZA KUJIPEPEA. Noti mpya, bado zimefungwa kile kikaratasi cha benki! Kisha akashusha "yeee" saba, sauti imepita kwenye mashine mpaka ikawa kama mbuzi kakwama kwenye bomba.

Mama akaniuliza, "Sasa kama anazo, si akaoe?"

Sijalala. Kujipepea, wakuu. Kujipepea!

Mchuzi wa Pweza: Tuliza mshono mkuu. Umeumia huku unahesabu "yeee"?

Kiti cha Nyuma: Mama ndiye angeleta huu uzi, wewe ungekuja kusoma tu.

Dereva Msaidizi: Wivu huo. Boney M waliuimba 1981, mbona hukulia?

Mleta mada: Boney M hawakujipepea!!!

Dereva Msaidizi: Una uhakika?

Babu Kahawa: Na kwanza wimbo si wa Fadhili, ni wa Adam Salim.

Mchuzi wa Pweza: Nilijua tu. Ukitaja Malaika, dakika tano nyingi, mtu wa Adam Salim huyo hapo.

Kiti cha Nyuma: Afadhali yeye anazo za kujipepea. Mimi wakwe wameniandikia ng'ombe kumi na mbili na simu ya shangazi. Shangazi anaingiaje humo?

Dereva Msaidizi: Shukuru ni simu. Mimi nadaiwa blanketi la babu, na babu mwenyewe alishafariki.

Babu Kahawa: La marehemu linalipwa, kijana. Ulizia na koti lake, usije ukaambiwa siku ya harusi.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye kujipepea.

Dereva Msaidizi: Babu, koti la mtumba wanapokea?